Mlango wa Chombo

Kila nikipita kwa fundi betri pale Cheyo, harufu ya tindikali hunirudisha sebuleni kwetu, kwenye televisheni tuliyoiwasha kwa betri ya gari. Baba alikuwa amekwenda Ziba kununua ng'ombe. Jioni ile, kwenye tamthilia, mwanaanga aliyeachwa nje alikuwa akigonga mlango wa chombo cha angani, wenzake wakibishana kama wamfungulie. Betri ikaisha. Kioo kikawa cheusi, lakini kugonga kukaendelea. Ulikuwa mlango wetu.

"Baba huyo," nikasema, nikainuka.

Mama akanishika mkono. "Baba yako angepiga hodi," akanong'ona.

Tamthilia ile naipenda mpaka leo, nimeirudia yote mara nyingi. Ila sehemu ile, mlango ukianza kugongwa, huwa nazima.