Mstari Niliomsomea Babu

Vitabu vya ubatizo vya parokia yetu vilinuka popo. Viliwekwa katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo, chini ya dari ambalo popo walikuwa wamelifanya lao. Kabati likifunguliwa, ile harufu ya mkojo mkali, ukungu na karatasi iliyolowa na kukauka mara nyingi ilikukaba koo. Niliingia humo kiangazi kimoja, nina miaka kumi na miwili, nimemshika babu mkono na najivuna kama jogoo, kwa sababu katika ukoo wetu mzima ni mimi peke yangu niliyejua kusoma Kifaransa.

Kilichotupeleka ni shamba. Babu, baba wa mama yangu, alilima mihogo na mpunga upande wa Lusangi, palepale alipolima baba yake, na kabla yake babu yake, mtu aliyeitwa Kitenge, mfyatua matofali wa misheni. Mwaka ule jirani yetu mzee Lubunga, ambaye ukoo wake ulijiita wenye udongo, alikwenda kwa chifu akasema Kitenge hakuwa mtu wa pale. Alikuwa mtumwa, alisema, na mjukuu wa mtumwa hulima kwa hisani tu. Hisani ikiisha, afungashe. Babu alikasirika sana. Miaka yote alikuwa ametuambia kwamba Kitenge alitoka Kabambare kwa miguu yake mwenyewe, mtu huru mwenye ukoo, akitafuta kazi. "Mkataa kwao ni mtumwa," alipenda kutuonya, na hakuna aliyesifu kwao kuliko yeye. Chifu alitaka karatasi. Babu akajibu kwamba karatasi iko, wazungu waliandika kila kitu.

Tulitafuta siku tatu. Padri alikuwa na shughuli zake, akatuachia chumba. Mzee Lubunga alikaa kwenye benchi na mjumbe wa chifu, wote wawili wakiwa mashahidi, na hakuna hata mmoja wao aliyejua Kifaransa. Wino ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai, na mchwa walikuwa wamekula pembe za kurasa. Nilipitia majina ya wapagazi, wapiga makasia, waashi na wapasua mbao, na pembeni ya majina mengi neno lilelile: amefariki, amefariki, mara nyingi kabla mtu hajafika umri wa kuoa. Mimi sikuwaza vifo vyao. Niliwaza jinsi watakavyonisifu nyumbani. Kwa hiyo siku ya tatu nilipoliona jina la Kitenge sikusoma kwanza kimoyomoyo, kama ambavyo mtu mwenye akili angefanya. Nilipaza sauti na kutafsiri papo hapo, neno baada ya neno, kama niko mbele ya mwalimu: "Kitenge. Mtoto wa kiume, miaka kama kumi. Amenunuliwa katika soko la watumwa la Nyangwe, ameachwa huru na misheni. Baba hajulikani. Mama hajulikani. Kazi, matofali."

Mzee Lubunga hakucheka. Aliangalia nje, na hilo lilikuwa baya zaidi. Babu alivua kofia yake, akainama juu ya kitabu ambacho hakuweza kukisoma. "Soma tena ile ya mama," aliniambia. Nikasoma. "Mutu gani anazaliwa bila mama? Angalia muzuri, mutoto, labda iko chini." Nikaangalia. Chini palikuwa na mstari wa mtu mwingine.

Chifu alituruhusu kung'oa mihogo iliyokomaa, basi. Tukahamia mjini, katika vyumba viwili vya kupanga, na babu akawa mtu wa kukaa ukutani akifuata kivuli. Hakuitaja tena Kabambare. Mimi niliona aibu mpaka chakula kikanishinda, kwa sababu ningeweza kudanganya na nani angejua? Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Siku moja nilipiga magoti nikamwomba msamaha. "Hukukosa," alisema. "Ni miye nilikutuma." Alikufa kabla ya mvua za mwaka uliofuata, akazikwa katika makaburi ya mji, katikati ya watu ambao hatukuwajua.

Sasa mimi ni mwalimu, na watu huniletea kurasa zilezile zimepigwa picha kwa simu, niwatafutie mababu zao. Siku hizi nasoma kimya kwanza. Zamani niliichukia parokia kwa kuandika mstari ule, leo sijui. Watoto wa umri wa Kitenge wanatoka hapa kila kiangazi kwenda kwenye dhahabu ya Salamabila, na huko hakuna anayewaandika. Mwezi uliopita alikuja shuleni mama wa Riziki, mwanafunzi wangu aliyekwenda kuosha mchanga wa dhahabu, ukingo ukamporomokea, hawakumpata. Mama huyo hakuwa na picha wala cheti. Aliuliza kama shule ina karatasi yoyote yenye jina la mtoto wake. Nikafungua orodha ya darasa la sita, nikamsomea: jina, jina la baba, jina la mama.

"Soma tena, mwalimu," aliniambia.

Nikasoma tena.