Dirisha Lisilo na Nondo

"Mmesikia? Mshonaji kapata bwana," Mama Mkaa alisema huku akijaza mkaa kwenye kopo la mteja. "Ukuta wa nyuma anautoboa, anatia dirisha la duara. Duara, jamani, kama jumba la tajiri! Tena halina nondo. Huo ni mlango wa paka, ila paka mwenyewe kavaa suruali."

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Mama Kichanga, aliyembeba mtoto wake mgongoni, hakucheka. Nyumba yake iligusana ubavu na ya Mshonaji, na aliyoyaona yeye, Mama Mkaa hakuyaona. Alitaka kusema. Akakumbuka onyo la mume wake, kwamba ya watu waachie watu, akachukua mkaa wake akaenda.

Siku ya pasi, wiki kadhaa nyuma, alikuwepo. Mume wa Mshonaji, mpasua mawe, ana mabega ambayo hakuna shati lililowahi kuyavumilia. Siku hiyo shati jipya lilimpasukia mbele ya wenzake, wakamcheka. Alirudi nyumbani, akafunga mlango kwa ndani, ufunguo akatia mfukoni.

"Umenishonea nguo ya maiti?"

Mama Kichanga alisikia meza ikianguka. Alipofika dirishani, mpasua mawe alikuwa amemkaba mke wake shingo, na mkono wa pili umeshika pasi ya mkaa. Aliishusha begani mwa Mshonaji, akaishusha tena. Kifuniko kikafunguka, makaa yakatapakaa juu ya vitambaa vya wateja, chumba kikajaa moshi na harufu ya nyama. Binti yao mdogo, ambaye wembamba wake ulimpa jina la Sindano, alikimbilia dirishani. Akapitisha mkono kati ya nondo, akapitisha uso, akakwama masikioni.

"Nitoe, mama mdogo! Nitoe!"

Mama Kichanga alivuta. Alivuta mpaka masikio ya mtoto yakatoka damu, na chuma hakikusogea hata kidogo. Wanaume wa mtaa walisimama nyuma yake wakiambiana kuwa mlango umefungwa, kana kwamba mlango ni Mungu. Basi akabaki ameshika kiganja cha Sindano, wote wawili wakitazama, mpaka mpasua mawe alipochoka mwenyewe.

Mtaa ule haukuwahi kuingiliwa na mwizi. Nondo zile zilimzuia mtu mmoja tu, naye alikuwa mtoto anayetaka kutoka.

Kidonda cha bega kilipofunga, Mshonaji alimwomba Mama Kichanga amsindikize kwa fundi madirisha. Karakanani fremu zilikuwa zimeegemezwa ukutani: za upinde, za pembetatu, za pembe nane, na duara moja. Mshonaji akatoa kwenye mkoba karatasi ngumu aliyoikata kwa kipimo cha mabega ya mume wake, ile aliyotumia kumkatia mashati.

Fundi alicheka. "Dada, mbona unalivalisha dirisha?"

"Subiri, kaka."

Alipitisha karatasi kwenye upinde. Ilikataa, lakini alipoisimamisha wima ikateleza ikapita. Akatikisa kichwa. Pembetatu aliigusa tu kwenye kona. "Hii itamchana mtoto wangu." Alipofika kwenye duara aligeuza karatasi huku, akageuza kule, akailaza, akaisimamisha. Kila upande ilikwama.

"Hili," alisema. "Duara halina ubavu wa kujipenyezea. Kioo kifunguke kwa nje, kwa kusukuma tu, hata kwa kiganja cha mtoto. Na usitie nondo."

"Bila nondo? Mwizi je?"

"Mwizi wangu mimi ana ufunguo."

Fundi hakucheka tena. Alimtazama kuanzia kovu la begani mpaka miguuni. "Na wewe mwenyewe utapitaje hapo?"

Mshonaji alikunja karatasi yake, akauliza bei. Siku ya tatu alianza kutoboa ukuta asubuhi, na mchana waliporudi kulipia fremu, mlango wa karakana ulipigwa teke.

Ulimi hauna mfupa. Maneno ya Mama Mkaa yalikuwa yameshafika machimboni, na njiani yalitiwa chumvi mpaka yakawa bwana mwenye jina na gari. Mpasua mawe alikuja na nyundo yake ya kazi.

"Yuko wapi huyo wa dirisha?"

Hakungoja jibu. Alipiga upinde, vioo vikamwagika kama mvua ya mawe. Mama Kichanga alijitupa chini ya meza, akamgeuza mtoto kutoka mgongoni, akamfunika kwa kifua. Kutoka pale aliona kwanza miguu: ya Mshonaji ikiburutwa, ya fundi ikikimbia na ubao. Ubao ukatua mgongoni mwa mpasua mawe ukavunjika. Yeye hakuyumba. Alimsukuma fundi kwenye vioo, akaulaza mkono wa kulia wa mke wake juu ya meza, na Mama Kichanga akasikia nyundo kupitia mbao, juu tu ya kichwa chake. Mara moja. Mara ya pili. Mshonaji alilia kwa sauti ambayo si ya mtu.

"Toboa ukuta tena, nitakutoboa wewe," mpasua mawe alisema, akatoka akikanyaga vioo.

Mama Mkaa alikuja na maji ya kuosha damu. "Mimi nilitania tu," alirudia, "nilitania tu jamani." Usoni mwa fundi kulibaki kipande cha kioo, akakichomoa, kisha akaenda kuinua duara. Lilikuwa zima, limebingirika mpaka nyuma ya pipa.

Fundi alilifunga mwenyewe ukutani kwa Mshonaji, mchana kweupe, mpasua mawe akiwa kazini. Mama Kichanga alikuwa nje akikusanya mabaki ya tofali kioo kiliposukumwa kutoka ndani. Kichwa cha Sindano kikatokea, kisha mabega, kisha kiuno, akateremka mikononi mwake bila mkwaruzo, akacheka, akataka kurudia. Nyuma yake ukaja uso wa Mshonaji. Mkono wenye plasta aliuegemeza ukingoni. Duara lilimkwamia mabegani, yeye hakuweza kupita.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "nakuomba kitu. Siku ukisikia mlango wangu unafungwa kwa ndani, usije mlangoni, hata nikikuita. Zunguka huku nyuma. Simama hapo ulipo, unyooshe mikono."