Mdomo wa Bati Juu ya Kochi la Wageni

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, wageni waliokuja kupanga mahari ya binti yangu waliingia sebuleni kwetu Mshangano, mjini Songea. Kipimajoto ukutani kilisoma nyuzi ishirini na saba. Wiki mbili kabla, saa kama hiyo, kilisoma thelathini na tatu.

Tofauti hiyo niliitengeneza mwenyewe. Ninauza vipuri vya baiskeli Lizaboni, na ninayoyajua kuhusu hewa nimeyasoma peke yangu dukani, kati ya mteja na mteja. Nyumba ya bati huhifadhi joto juu, karibu na dari. Ukilitobolea joto njia ya kutokea upande mmoja, na upande wa pili ukaingiza upepo kwa bomba, chumba hupoa bila umeme. Basi nilipandisha juu ya paa bomba pana la bati lenye mdomo kama wa tarumbeta, na mwisho wake nikaushusha mpaka juu ya kochi la wageni. Kwa kuwa upepo wa Songea hautulii upande mmoja, mdomo niliufunga kwenye habu ya baiskeli, kile kitovu kinachozungusha gurudumu, na kuuwekea mkia, ili ujigeuze wenyewe kuelekea upepo unakotoka.

Jirani aliutazama siku nzima. "Mzee, hapo unatega bundi au unatafuta stesheni za Malawi?"

Nia yangu ilikuwa ya kiuchumi. Mtu mwenye joto hukatiza maneno na kuondoka. Aliyepoa hukaa, na akikaa huongeza. Nilitaka milioni tatu, hesabu niliyoipata kwa kujumlisha kwenye karatasi ada zote tangu chekechea. Binti yangu aliisoma karatasi ile mpaka mwisho.

"Baba, mimi siyo pikipiki," alisema. "Ukiwakimbiza hawa watu, nitabaki hapa hapa na wewe mpaka uzeeke, na kila siku nitakuuliza habari za hilo bomba."

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyesema kwa niaba yetu. Alitaja milioni tatu. Mshenga, bwana mnene aliyekumbatia mkoba, alifuta jasho ambalo halikuwepo, akaomba ruhusa watoke kidogo wakateta. Wakasimama kivulini, upande wa geti. Upepo ulikuwa unatokea huko huko.

"Tuna milioni mbili na laki nane," bomba likasema kwa sauti ya mshenga, wazi kama redio. "Lakini tuanze na milioni moja. Na mkohoe kidogo, tuonekane tumeumia."

Kaka alinigeukia. "Nani huyo?"

"Upepo wa mashariki," nikamjibu.

Waliporudi wakikohoa, kaka alifumba macho. "Moyo wangu unaniambia mna milioni mbili na laki nane."

Mshenga alibaki amekodoa macho. Kisha akamwamkia upya: "Shikamoo, mzee." Akafungua zipu ya mkoba.

Hapo nikasikia habu ikikwaruza juu ya paa. Upepo umegeuka, na mdomo unaufuata, kama nilivyoupangia. Nilijua vizuri upande ule mwingine kuna nini: jiko la nje, na mke wangu na dada yake wakipakua pilau.

"Mimi hata wakitoa laki saba wamchukue," bomba likasema. "Si wanapendana? Mimi huyu alinitolea mbuzi mmoja na baiskeli isiyo na tairi la mbele. Leo eti milioni tatu!"

"Isiyo na tairi, dada?"

"La mbele. Baba aliiegemeza ukutani miaka sita."

Nilipanda juu ya kochi, katikati ya wageni wawili, nikaanza kusukumia mto ndani ya bomba. Mto ulikuwa mwembamba. Ukanirudia, ukamwangukia mshenga mapajani.

"Hiyo ni redio ya jirani," kaka alisema.

"Na akianza mahesabu yake," redio ya jirani ikaendelea, "mpelekee pilau anyamaze."

Mshenga alifunga zipu. "Mzee, moyo wako ulisema milioni mbili na laki nane. Huu moyo mwingine mbona unasema laki saba?" Kaka akaangalia viatu vyake. "Basi tutatoa laki saba," mshenga akasema kwa heshima zote, "na tairi la mbele tutaongeza."

Binti yangu, aliyekuwa nyuma ya pazia, akapiga kigelegele kabla sijafungua mdomo. Jikoni wakakidaka, kikaturudia kwa njia ya bomba. Vigelegele vikishapigwa, hakuna baba anayeendelea kubishania bei.

Tairi lililetwa limefungwa kwa karatasi ya zawadi. Dukani kwangu lile lile nauza elfu kumi na mbili. Nikitoa hiyo na laki saba katika fedha iliyokuwa mkobani, kisha nikiongeza laki moja, elfu arobaini na sita na mia tano za kujengea bomba, hasara yangu ni shilingi 2,234,500.