Taa Iliyoacha Kupepesa

Wiki moja baada ya kumzika mume wangu, kengele yake ililia kibandani kwangu.

Mara tatu.

Cherehani ikanasa uzi. Mteja akaniuliza, "Bibi, vipi, umeona jini?" Nilivuka barabara na pini mdomoni.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, wajukuu zangu, msije mkasema bibi kachanganyikiwa.

Mume wangu alikuwa fundi redio. Kiharusi cha kwanza kilimchukua mguu. Akaniambia, "Cha pili kitachukua ulimi. Acha nijiandae."

Akaunda kisanduku chenye kitufe kimoja na taa ndogo kama ya rimoti, ile ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Akaielekeza dirishani. Kengele yake akaifunga kibandani kwangu ninakoshonea, ng'ambo ya barabara. Hatua thelathini.

Mwanzoni mwanga wake haukufika hata mlangoni.

"Ongeza moto basi," nikamwambia.

"Nikiipa moto mwingi mfululizo itaungua. Dawa yake ipepese. Iwake kidogo tu, ipumzike, iwake tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Hapo naipa nguvu nyingi na haiungui, ndiyo inafika mbali. Na kengele inasikiliza mpepeso huo tu. Jua linaimulika kutwa, wala haishtuki."

Nami kwa vitendawili sijambo. "Kitendawili."

"Tega."

"Taa yangu inaniita, lakini siioni."

"Mke wangu, umetega jibu likiwa mkononi mwangu." Tukacheka.

Cha pili kikaja, kikachukua ulimi kweli. Vikabaki macho na kidole gumba. Miezi minne kidole kile ndicho kilikuwa sauti yake: maji, kugeuzwa, kukohoa.

Asubuhi moja kengele ikalia kwa kukatakata. Leo najua ilikuwa betri tu. Lakini alikuwepo shemeji yangu, tunamwita Injinia, kazi yake kufunga nyaya za majumba. Akafungua kisanduku, akaitazama taa kwa kamera ya simu. Kwenye simu ikaonekana, zambarau, hafifu, inatetemeka.

"Unaona, shemeji? Taa inayotetemeka ni taa mbovu."

Akang'oa kidude chenye miguu minane, akaunga waya moja kwa moja kwenye betri mpya. Kwenye simu taa ikawaka kali, imetulia.

Mume wangu akaanza kufumba na kufumbua macho. Haraka haraka, haachi.

Nikamfuta macho kwa kiganja. "Usilie, baba watoto. Kimepona."

"Nivuke uibonyeze, nisikilize?" nikamuuliza Injinia.

"Ya nini? Si unaiona inawaka."

Na mteja alikuwa ananingoja na gauni lake. Nikavuka, nikashona.

Kutwa kimya. Nikajisemea, leo mzee kalala vizuri. Nilifurahi, sitawaficha.

Saa tisa nikamkuta. Makohozi yalikuwa yamemkaba. Kidole gumba bado kimezama kwenye kitufe, na kisanduku kina joto.

Nikayalaumu masikio yangu na kelele za cherehani. Msibani Injinia alikaa kiti cha mbele, akisimulia alivyomtengenezea kaka yake kengele. Nikamshukuru mbele za watu.

Sasa turudi siku ile ilipolia mara tatu. Chumbani nilimkuta fundi mwenza wa mume wangu; binti yangu alikuwa amemfungulia achukue vifaa vya kazi. Amekaa kitandani, kisanduku mapajani.

"Mama, nani alikitoa hiki kidude? Nimekikuta kwenye droo. Bila hiki taa haipepesi, inawaka bure, kengele haisikii kitu. Nimekirudisha, nikabonyeza kujaribu."

Nikakaa chini, pini bado mdomoni.

Yale macho hayakuwa yanalia. Yalikuwa yananionyesha: ipepese, mke wangu, ipepese.

Injinia nilipomweleza, alisema, "Shemeji, siku yake ilikuwa imefika." Akaomba maji ya kunywa.

Nawaandikia nyinyi, wajukuu, na wote mnaouguza. Ukimya wa mgonjwa msiufurahie. Na mtu akikwambia kimepona, mwambie abonyeze, nawe vuka ukasikilize.

Zilikuwa hatua thelathini tu.