Akili Mnemba Yenye Adabu

Juzi mjini Busia nilikuwa nikichaji simu kwenye kibanda ambacho sasa ni makao makuu ya kampuni ya akili mnemba. Kijana mwenye kampuni alimwonyesha mwekezaji mtambo wake wa kuwashauri wakulima. Mwekezaji akaandika: mahindi yangu yana madoa. Jibu likaja: "Pole. Watoto hawajambo?"

"Mashine ina adabu namna hii!" akasema mwekezaji. "Fikisheni huduma hii hadi Tororo, ng'ambo ya mpaka, na pesa mtapata."

Alipotoka, kijana akafunua pazia. Nyuma yake alikaa shangazi yake, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika majibu, simu mbili mapajani.

"Shangazi," kijana akauliza, "dada zako wangapi wanajua kusoma?"

"Mmoja tu, wa Nagongera, kule Tororo. Lakini huyo anaongea sana."

"Huyo ndiye tunayemtaka!"

Teknolojia inakua, ndugu msomaji. Inategemea tu ukubwa wa ukoo.