Vidonge vya Baba Mwaisha

Mama Mwaisha alikuwa mwanamke wa kushika neno. Mwaka wa sabini na sita, muuguzi alipomwambia kwamba mumewe, Muhidini, ana kifua kikuu na kwamba vidonge visikatishwe hata siku moja, ikawa ndiyo sheria ya nyumba ile. Muhidini, fundi cherehani wa karibu na stesheni ya Shinyanga, alimeza mbele ya mkewe, kisha akatoa ulimi ukaguliwe. Wateja walimtania kwamba ameoa askari. Alicheka tu, maana kikohozi kilikuwa kimepungua na shati lilianza kumjaa tena.

Mwezi wa pili wa dawa, chakula kikamshinda. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakageuka manjano. Wapangaji wenzao walikuwa na jibu tayari: gongo. Gongo, kwa mtu ambaye hata togwa iliyochacha hakuigusa! Lakini maneno ya watu huingia, na Mama Mwaisha akaanza kumnusa mdomo kila akirudi kazini.

"Mama Mwaisha, dawa hizi zinanimaliza," alisema siku moja, ameshika ubavu wa kulia.

"Usinitafutie visingizio, Baba Mwaisha. Unataka wanao wakuzike?"

Alipokitapika kidonge, akampa kingine.

Mumewe alipoanza kusinzia juu ya cherehani, Mama Mwaisha aliomba lifti kwenye lori la pamba, akamfikisha hospitali. Daktari alimtazama macho, akambonyeza tumbo, akamtoa damu iliyopelekwa Mwanza kwa treni. Majibu yaliporudi, alimwita mke pembeni.

"Mama, ini limeumia vibaya. Ni hivi vidonge. Wako watu wachache ambao ini lao haliviwezi. Angeletwa pale alipoanza kutapika..." Hakumalizia. Labda aliuona uso wake.

"Sasa tufanyeje, Daktari?"

"Tunaviacha."

"Na kifua je?"

Ipo dawa nyingine, alisema daktari, imeagizwa Dar es Salaam, ila haijafika. Sindano ya kifua kikuu peke yake haitoshi. Kwanza ini lipone.

Mama Mwaisha alitamani atukanwe, ingekuwa nafuu. Mikono ile iliyozoea kumlisha dawa ikakosa kazi. Alipomwomba mumewe radhi, Muhidini alimwambia hana kosa, hata yeye angefanya vilevile. Hilo lilimuuma kuliko kama angekasirika.

Wiki zikapita. Manjano yakatoka machoni, Muhidini akanywa uji, akaulizia cherehani yake. Damu ikapelekwa Mwanza tena. Majibu yalipofika, daktari alikuja wodini mwenyewe, anatabasamu.

"Mama, vipimo vimeshuka. Ini linapona."

Mama Mwaisha alimshukuru. Kisha akaikunjua khanga aliyokuwa ameishikilia mapajani tangu alfajiri, mumewe alipoanza kukohoa.

"Na hii, Daktari?"

Daktari aliitazama damu ya kikohozi kwenye khanga, akavuta kiti, akaketi karibu naye.