Kikombe cha Kwanza cha Kukhu

Jumapili iliyopita binti ya kaka yangu alituita kwake hapa Kakamega mjini tuje kula kuku aliyempika kwa bia. Bia yenyewe ameitengeneza jikoni mwake, kwa ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Alipofunua sufuria, ule mvuke ulinipata puani, mchachu tena mtamu, na mimi, rafiki yangu, nikarudi mara moja kwa nyanya yetu, tuliyemwita kukhu, kule upande wa Malava.

Kukhu alikuwa anapikanga busaa, pombe yetu ya nafaka. Alikanda unga wa mahindi, akaufunika mpaka uchachuke, kisha akaukaanga juu ya bati kubwa, akiugeuza kwa jembe kuukuu. Sisi watoto tulinyakua madonge ya moto tukayatafuna huku tukipuliza vidole. Mengine aliyachanganya na kimea cha wimbi na maji ndani ya nyungu, na siku ya tatu ungeisikia nyungu ikinong'ona pale kando ya jiko. Jogoo mzee asiyeiva kwa maji, kukhu alimmiminia busaa, akaiva mpaka nyama ikaachia mfupa. Mchuzi ule na obusuma, ugali wa wimbi! Sijaonja tena kitu kama hicho.

Na alikuwa na sheria moja. Kikombe cha kwanza alikinywa yeye, amesimama katikati ya wageni, wote wakimtazama. "Nikianguka, mwageni," angesema, nao wangecheka.

Nilipokuwa darasa la tatu alianguka kweli, ila kwenye matope ya kisimani, akavunjika nyonga. Nyungu ikachukuliwa na mwanawe wa mwisho. Huyo ni baba mdogo wangu, na kati ya waliokosa namtaja wa kwanza. Aliona busaa ya mama yake haina nguvu, akaleta mtungi wa kitu cheupe kama maji, akakimimina ndani. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito alimwona akimimina. Huyo namtaja wa pili. Siku hiyo alisema tumbo linamuuma, hakunywa, na hakumwambia mtu.

Wageni walipoketi walingoja, maana walijua desturi ya boma. Baba mdogo alikitazama kikombe kwa muda. Kisha akaniita mimi.

"Wewe ndiye unamsaidianga mama. Onja."

Nikanywa. Koo likawaka. Lakini sikuanguka, kwa hivyo hawakumwaga. Walisema mtoto yuko sawa, wakanywa.

Kesho yake wanaume wawili hawakuamka. Mimi niliamka nikauliza mbona nyumba imejaa moshi, na moshi haukuwepo. Kwenye zahanati baba mdogo alisema ni malaria, nikapewa dawa za malaria. Chifu mdogo alikuja kuuliza, akala jogoo wetu wa mwisho, kesi ikaisha. Naye namtaja. Kukhu aliposikia, alijiburuta kwa makalio kutoka kitandani mpaka jikoni, akaipasua nyungu kwa mchi. Jicho langu la kushoto lilikufa, la kulia huona kama kupitia chandarua. Ubao sikuuona tena, na shule ikaishia hapo.

Leo baba mdogo ni mzee wa kanisa. Jumapili ile ya kuku wa bia alikalia kiti cha heshima, na binti akamletea glasi ya kwanza. "Kuka," akamwita babu yake, "wewe ndiye mkubwa, anza."

Mzee akaisogeza kwa kidole kwangu mimi, shangazi wa binti. "Mpe senje yako. Huyo ana tumbo la chuma."

Meza nzima ikacheka. Vijana hawajui, kwetu jambo hilo halisemwi. Nikamrudishia glasi.

"Mara ile nilikuwa na macho mawili, baba. Leo anza wewe."

Akanong'ona kwamba hayo ni mambo ya zamani. Tulikaa tukilitazama povu mpaka likaisha. Hakunywa. Basi nikaichukua glasi, nikaenda kuimwaga kwenye sinki, binti akitazama kazi yake ya wiki tatu ikishuka. Ilikuwa bia safi, najua.

Boma la kukhu sasa ni miwa mpaka mlangoni, na bati lake la kukaangia limeezeka choo cha baba mdogo. Watu bado wanapika, tena kwa ndoo nzuri. Aliyekwisha ni yule wa kusimama mbele ya wageni akanywa cha kwanza mwenyewe.